Mtani Aliyewekwa Ndani

Usingizi wa Mastura darasani ulikuwa na adabu zake. Hakukoroma, hakuinamisha kichwa, hakuachia mdomo. Alikaa wima kama askari wa lindo, kalamu mkononi, macho nusu wazi, na ndani yake hakuna mtu. Miaka kumi na minne ya umgambo ilikuwa imemfundisha kulala amesimama, sembuse kwenye kiti.

Aliyeujua ujanja huo ni mmoja tu, Mwalimu Glory, dada wa miaka thelathini na kidogo kutoka Moshi, mwembamba, mwenye sauti ya kengele.

"Mama Mastura, wizi una mambo mangapi?"

"Manne, mwalimu," Mastura akajibu kabla hajaamka sawasawa. "Mali iwe ya mtu. Uichukue bila ridhaa yake. Uwe na nia ya kumnyima moja kwa moja. Na usiwe na dai la haki juu yake."

Darasa likacheka. Rozalia, binti wa Newala aliyekaa naye dawati moja, akamgusa kiwiko. "Bibi wewe! Malaika wakija kukuhoji kaburini utawataka kwanza waonyeshe hati ya upekuzi."

Wote mle ndani walikuwa na umri wa watoto wa kuzaa yeye. Walikuja chuo pale Mtwara mjini kusoma astashahada ya sheria na haki jinai kwa sababu matokeo yao ya kidato cha nne hayakuwapeleka kwingine. Mastura alikuja kwa sababu ya sentensi moja.

Sentensi yenyewe ilisemwa na diwani, kwenye mkutano wa kijiji. Kijiji chao kipo ng'ambo ya Madimba ukielekea mdomo wa mto Ruvuma, na kilikuwa kimebaki bila mtendaji kwa mara ya sita tangu Mastura avae sare ya mgambo. Watendaji wote sita walikuja wadogo kuliko yeye, wakaondoka wadogo kuliko yeye, na kila mmoja alimtuma chai. Wakati wao wanaandika barua, yeye ndiye aliyejua shamba la nani linaishia kwenye mkorosho gani, nani kampiga nani, na nani kasingiziwa. Siku hiyo diwani akasimama akasema, "Bi Mastura angekuwa na cheti, kiti hiki kingekuwa chake." Watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha, watu wakaenda kula, na sentensi ikabaki na Mastura kama mwiba wa samaki kooni.

Darasa la saba ndiko alikoishia. Mumewe hakumzuia kusoma kwa kuwa hakuwepo. Alikwenda Msumbiji kutafuta maisha, akayapata, ndiyo maana hakurudi. Basi Mastura akaanza. Miaka miwili ya masomo ya jioni na vijana wanaonuka jasho la mpira. Mtihani wa kidato cha nne akaufanya mara mbili, maana hesabu ilimwangusha mara ya kwanza bila hata kumwonea haya. Kisha chuo. Asubuhi darasani, Jumamosi na Jumapili kijijini na kirungu chake, kati ya hapo muhogo wa kupalilia. Alichoka kiasi kwamba uchovu ulikuwa umeacha kuwa hali, umekuwa tabia. Alipoulizwa hajambo, alisema hajambo kwa sababu ni jibu fupi.

Na sasa alikuwa na miaka arobaini na mitano. Hapo ndipo penye shida yote. Matangazo ya ajira za watendaji yaliandika wazi: mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mwezi wa Kumi angetimiza arobaini na sita. Matokeo ya chuo yalikuwa yatoke mwezi wa Nane, tangazo likitoka mwezi wa Tisa angeingia nalo, mlango ukiwa unafungwa kisigino chake kikiwa ndani. Akirudia somo lolote, hata moja, mlango umefungwa. Hapakuwa na mwaka mwingine wa kuazima.

Lililobaki lilikuwa mafunzo kwa vitendo: wiki nane kituoni. Mwalimu Glory aliwaambia wote kabla hawajatawanyika, "Kila mmoja arudi na jalada moja. Jambo moja mlilolishika wenyewe, tangu mlalamikaji anaingia mlangoni mpaka linapokelewa mahakamani. Mkuu wa kituo aweke saini kila hatua. Hakuna jalada, hakuna cheti. Msije hapa na hadithi."

Mastura akaomba kituo kidogo cha polisi cha karibu na kwao, alale kwake, apumue. Mkuu wa kituo alikuwa Sajenti Omari, mtu wa Tabora, mrefu, mpole, ana miezi miwili tu tangu ahamie. Akampa Mastura kaunta, daftari na kiti kilichokatika mguu mmoja.

Wiki ya kwanza zikapotea simu mbili na kitambulisho. Wiki ya pili wavuvi wawili wakagombea wavu, mmoja akaja anavuja damu. Mastura akaandika kurasa tatu. Adhuhuri wakaja wazee watatu na shangazi mmoja. "Tumeshayamaliza nyumbani, afande. Futa." Wiki ya nne mbuzi alikula muhogo wa jirani, jirani akakata mkia wa mbuzi. "Tumeshayamaliza. Futa." Wiki ya sita mke kaja na jicho limevimba, na kesho yake kaja na mume, wameshikana mikono, na jicho bado limevimba. Safari hii Mastura alikataa kufuta, akamsemesha mume maneno ambayo hayamo kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini mke akasusa kutoa maelezo, na jalada likafa vilevile.

Hakuwa na wa kumlaumu. Kwa miaka yote ya umgambo wake, yeye ndiye aliyekuwa shangazi anayekwenda kituoni kusema futa.

Wiki ya saba ikaisha. Ijumaa asubuhi ya wiki ya nane, akiwa anafuta vumbi kwenye daftari asijue hata kwa nini analifuta, akaingia mtu.

Alikuwa Hassani, mtoto wa marehemu Mzee Nassoro aliyezikwa Jumanne. Mastura hakuwahi mazishi yale, alikuwa zamu. Hassani alichukuliwa na mama yake akiwa mdogo kabisa, akakulia Temeke, ana duka la simu huko Dar es Salaam. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa, na kwenye mchanga wa kule viatu vya namna hiyo ni kama tusi.

"Nimeibiwa," akasema.

"Pole kwa msiba, kaka yangu. Kaa, si hicho, hicho kimevunjika. Umeibiwa nini?"

"Baiskeli ya marehemu baba. Mchana kweupe, mbele ya watu, na watu wanacheka! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kavaa kofia ya baba yangu, kapanda baiskeli ya baba yangu, anaizungusha uwanjani huku anakohoa kama marehemu alivyokuwa anakohoa. Na mjane amekaa pale anaangalia. Nikamwambia, mzee, shuka. Unajua kanijibu nini?"

"Kakujibu nini?"

"Kasema, 'Hii naondoka nayo, na mjane nitamfuata Ijumaa.'"

Mastura akauma ulimi asicheke. Katika maneno hayo alimsikia Mzee Sudi kabisa, sauti yake, na ule mkono wake wa kushoto unaopunga hewani kama anafukuza inzi. Mzee Sudi alikuwa mtani. Ukoo wake ulitaniana na nusu ya kijiji tangu mababu, ukiwemo ukoo wa marehemu Nassoro na ukoo wa Mastura mwenyewe. Na mtani wa pwani hiyo, msibani, ndiye mwenye ruhusa. Atamwigiza marehemu, atachukua kitu chake akipendacho, ataondoka nacho hadharani, na wafiwa watacheka huku machozi hayajakauka. Siku ya tatu wanamfuata kwake na jogoo, wanakikomboa kitu chao, wanakula pamoja, na msiba unakuwa umevunjwa sawasawa. Asipokuja mtani, watu husema maiti imezikwa yatima. Na mtani ana sharti moja: hasemi "natania". Akisema, utani umekufa papo hapo.

Siku ya tatu ilikuwa jana. Hassani hakwenda na jogoo. Hakuna aliyemwambia, maana nani amwambie mtu mzima kitu ambacho watoto wanakijua?

Mastura angeweza kusema maneno mawili. Badala yake akasikia mdomo wake unauliza, kwa utaratibu, kama Mwalimu Glory alivyofundisha. Baiskeli ni ya nani? Ya marehemu, sasa ya warithi. Uliridhia ichukuliwe? Sikuridhia. Alisema atairudisha? Alisema anaondoka nayo. Kila jibu lilikaa mahali pake kama kifungo kwenye tundu lake. Wiki saba alikuwa anatafuta kitu kama hiki, na kimekuja chenyewe, kimevaa viatu vya kung'aa.

Sajenti Omari akatoka ndani anafuta mdomo, kamaliza chai. Akasikiliza, akakuna shingo.

"Bi Mastura, wewe ndiye mwenyeji wa huku. Huyu si mtani wao huyu? Sisi kwetu Tabora mtani anaweza kukung'olea hata mlango."

"Mimi sina mtani," Hassani akadakia. "Mimi nimekulia Temeke."

"Sikukuuliza wewe, ndugu. Bi Mastura?"

Mastura akaangalia karatasi. "Sijui habari za ukoo wao, afande."

Maneno sita, na hakuna hata moja lililomkwama.

"Haya," akasema Omari. "Wezi wanaojificha kwenye utani nimewaona wengi. Mwite aje."

Sudi hakufuatwa na mtu. Alipigiwa simu, akaja mwenyewe na baiskeli, anapiga kengele tangu mbali, kofia ya marehemu kichwani. Tangu kituo kile kijengwe, hakijawahi kuletewa kielelezo na mtuhumiwa, tena kimepandwa. Akaegesha, akamkazia macho Hassani, akacheka mpaka akakohoa kikohozi chake mwenyewe.

"Kijana! Umeniletea serikali? Marehemu hakuwa na akili hizi, umezirithi wapi?"

Omari akamkalisha, akamsomea onyo. "Mzee, unaonywa. Hulazimiki kusema neno lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi."

"Nisiposema nitapasuka. Andika: nimeiba. Andika na kikombe cha chai cha bluu, hicho hawajakiona bado."

"Mzee, hapa hatuchezi. Wewe ni nani kwao?"

"Mwizi tu, afande. Tangu kwa babu yangu."

"Ulikusudia kuirudisha?"

"Kwa wale mabahili? Afadhali niitupe baharini."

Omari akaandika, akatikisa kichwa, akamwambia aweke dole gumba. Sudi akaweka, kisha akalipangusa dole kwenye kofia ya marehemu ili Hassani aone. Mastura akanakili. Hatua ya kwanza, saini. Hatua ya pili, saini. Kabla ya sala ya Ijumaa alikuwa na saini tano za sajenti, na Mzee Sudi alikuwa mahabusu mpaka Jumatatu mahakama ifunguliwe.

Wanawe wawili walikuja mchana kumwekea dhamana. Sudi akawafukuza kupitia dirisha la nyuma. "Nendeni mkavue! Walioniingiza ndio watakaonitoa, na watanitoa kwa jogoo." Wanawe wakaondoka wanacheka. Na habari ilipofika kijijini, kijiji kizima kikacheka. Walisema safari hii Sudi kapatikana, yule mtoto wa Temeke kumbe mtani kamili, kamjibu kwa kumweka ndani, hilo halijawahi kutokea. Wanawake kisimani walimsifu Hassani. Hakuna aliyekuja kumtoa Sudi kwa sababu hakuna aliyetaka kuharibu utani mzuri namna ile.

Jumamosi Mastura alilala mchana kutwa, jambo ambalo hakulifanya tangu ajifungue. Alipoamka hakuwa amepumzika.

Jumapili baada ya adhuhuri akachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, akaifunga kwenye kitambaa na kipande cha samaki, akaenda kituoni. Sudi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Ana miaka sitini na minane, na kwa siku mbili zile alionekana ameongeza mingine kumi. Miguu ilikuwa imevimba, mbu wamemwandika uso mzima.

"Kirungu umekuja," akasema. Sauti ilikuwa ya chini. "Ming'oko hiyo umeipika au umeilaani?"

"Kula, mzee."

Akala polepole. "Mwambie Hassani amenishinda. Hapana, usimwambie. Mgongo unaniuma, mwanangu, sakafu hii haina huruma. Lakini kesho ndiyo siku. Wameniambia kule hakimu anauliza, ni kweli si kweli? Nitasimama nitasema, ni kweli tupu, na kikombe nimechukua. Kicheko chake kitasikika mpaka bandarini."

Mastura akasogea karibu naye. "Mzee Sudi, hakimu hacheki. Ukisema ni kweli, anakuhukumu. Umeshatiwa hatiani hapo hapo."

Sudi akamtazama. Kisha uso ule wa mbu ukakunjuka taratibu. "Kumbe na wewe umo! Hongera. Mama yako hakuweza kutania bila kucheka, wewe umeweza."

"Sitanii."

"Naona. Unafanya vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Akamrudishia kitambaa. Mastura akatoka nje, akakaa kwenye kile kiti kilichokatika mguu. Miaka mitatu nyuma, mama yake alipofariki, Mastura hakulia wala hakula kwa siku mbili. Watu walianza kuogopa. Siku ya kuzika, Sudi aliteremka kaburini kabla ya maiti, akajinyoosha mle ndani, akasema hatoki, mahali penyewe pana ubaridi, bibi huyo atafutiwe pengine. Watu wakamvuta miguu, yeye anang'ang'ania udongo. Mastura akacheka. Na kicheko kikafungua machozi, na machozi yakamwokoa. Siku ya tatu alimpelekea jogoo mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, akaukomboa mkeka wa mama yake.

Jalada lilikuwa kwenye mkoba. Kurasa kumi na moja, mwandiko wake mzuri kuliko wakati wowote maishani. Ilibaki hatua moja tu: muhuri wa mahakama asubuhi, kwamba shauri limepokelewa. Akafungua daftari la chuo, akasoma ile mistari minne ya wizi, ya nne akaisoma mara mbili. Bila dai la haki. Kila mtu kijijini alijua kwamba Sudi alikuwa na haki ya kuichukua ile baiskeli. Wasiojua walikuwa watatu: Hassani, Omari na hakimu. Na kati ya wanaojua, mmoja tu ndiye aliyeulizwa.

Angeweza kunyamaza. Mzee angepewa labda kifungo cha nje, labda faini, kijiji kingeshangaa, baadaye kingezoea. Watu huzoea. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na alipofika alikuwa amechoka kujiambia.

Jumatatu saa mbili asubuhi, uwanja wa mahakama ya mwanzo ulikuwa umejaa, maana nusu ya kijiji ilikuja kuangalia utani. Mastura akamkuta Sajenti Omari ameegemea ukuta, anasubiri karani.

"Afande, nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Mzee Sudi ni mtani wao. Ni mtani wangu pia. Huku mtani akichukua kitu msibani ana haki nacho mpaka kikombolewe. Siku ile uliniuliza, nami nilijua."

Omari hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. "Uliniongopea kwenye kaunta yangu."

"Ndiyo."

"Mzee wa watu kalala sakafuni siku tatu. Kwa ajili ya nini?"

"Jalada langu la chuo, afande."

Omari akanyoosha mkono. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Kudanganywa na mtuhumiwa nimezoea, ndiyo kazi yake. Lete hilo jalada."

Mastura akalitoa. Omari akalilaza ukutani, akazikata saini zake tano, moja moja, kwa mstari mnyoofu, kama mtu anayesahihisha hesabu. Akamrudishia. Kisha akamwita Hassani pembeni, akamweleza. Hassani akasikiliza, na masikio yakamwaka moto.

"Kwa hiyo wote walijua? Kijiji kizima? Mpaka huyu mama aliyeniandikia?"

"Mpaka mimi," Mastura akasema.

"Na mimi nimeonekana mjinga namna gani?"

"Hapana. Wanakusifu. Wanadhani umemtania."

Hilo likamvuruga Hassani zaidi. Akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vimeshakuwa vya rangi ya mchanga. "Baba yangu angenieleza," akasema, kama anajisemea. "Hakupata muda." Akavuta pumzi. "Afande, nalifuta. Huyo jogoo anauzwa wapi?"

Sudi akatolewa. Alitoka anachechemea, anapepesa macho kwa jua, na kwanza akawapungia watu, nao wakashangilia. Omari akamshika mkono kwa heshima, akamwomba radhi mbele ya Mastura, akamweleza yote kwa ufupi. Mastura alimwona mzee anasikiliza. Alimwona ule mkono wa kushoto unaanza kunyanyuka, unashuka.

"Kwa hiyo haikuwa utani," Sudi akasema.

Akamgeukia Mastura.

"Siku tatu zile. Mle ndani. Nilikuwa nimefungwa kweli?"

"Nisamehe, mzee wangu," Mastura akasema.

Sudi akaivua kofia ya marehemu, akaipangusa vumbi, akamkabidhi Hassani bila kudai chochote. Wanawe wakampandisha bodaboda. Jogoo alipelekwa jioni, mkubwa, mweupe, akapokewa na mke wa Sudi. Mwenyewe ilisemekana amelala.

Alhamisi Mastura akaenda mjini. Mwalimu Glory akafunua jalada ukurasa kwa ukurasa, akaona saini zilizokatwa, akaomba aelezwe, akaelezwa.

"Mama Mastura," akasema, "kuna vijana humu wameniletea majalada ya kubuni, najua, na yana mihuri. Ningeweza kuwafelisha nikipata ushahidi. Sina. Wewe umeniletea ushahidi dhidi yako mwenyewe. Nifanye nini?"

"Fanya inavyotakiwa."

"Utarudia mafunzo mwakani. Cheti utakipata."

"Mwakani nitakuwa na arobaini na sita, mwalimu."

"Cheti hakiulizi umri."

"Ajira inauliza."

Glory akafungua droo. Akasogeza fomu ya kurudia. Mastura akajaza jina, namba, kijiji. Penye sababu akaandika, "Jalada halikukamilika," akatia saini. Kwa nini aliijaza, hata yeye hakujua. Labda kwa sababu ilikuwa mbele yake na kalamu ilikuwa mkononi.

Nje Rozalia alikuwa anamsubiri, ameshasikia. "Bibi, ungekiri Jumanne! Muhuri umeshagongwa, jalada umeshakabidhi, ndipo ukakiri. Jumatatu ulikuwa na haraka gani?"

"Jumanne angekuwa ameshahukumiwa, mjukuu wangu."

"Angekata rufaa."

"Sudi? Sudi angesema rufaa nayo ni ya kweli tupu."

Rozalia akacheka, akaacha, akambebea mkoba mpaka stendi.

Mwezi wa Tisa tangazo likatoka, mwezi wa Kumi akaja mtendaji mwingine, kijana mwenye tai. Siku ya kwanza akauliza nani anaweza kumfuatia chai. Mastura akaenda, maana chai haina kosa.

Njia ya kwenda kwa mama muuza chai inapita mbele ya nyumba ya Mzee Sudi. Alikuwa barazani na wenzake, anapasua korosho. Kwa watani, njia kama hiyo haipitwi bure. Lazima utupiwe neno, na usipotupiwa urushe wewe. Mastura akapunguza mwendo. Alikuwa tayari kwa lolote, kirungu chake kitukanwe, mwendo wake, marehemu mama yake, chochote.

Sudi akanyanyua macho. Akapangusa mikono yake kwenye msuli, akasimama, mzee wa miaka ile, kama anavyosimamiwa mgeni.

"Karibu, Bi Mastura. Habari za masomo?"

Wenzake wakaacha kupasua korosho, wakaangaliana. Mastura akasubiri mkia wa ile salamu, ule unaokuja nyuma na kuuma. Haukuja.

"Nzuri, mzee wangu," akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Sudi, na akasogea kidogo kumpisha apite.